Mdomo wa Mtoto Haufunguliwi kwa Wembe

Wanangu mnaolea, leo nasema nanyi juu ya mtoto ambaye maneno hayamtoki, au yanamtoka yakiwa yamevunjika, au chakula kinamshinda mdomoni na udenda unamlowesha kifua mpaka mama anachoka kubadilisha nguo. Katika koo nyingi jambo hili huzungumzwa kwa sauti ya chini, mama wa mtoto akiwa hayupo. Mimi nitalizungumza mbele yenu. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki ya mama na mtoto, nikipima uzito na kuandika kadi, na nimeona jinsi watoto wanavyocheleweshwa na watu wanaowapenda kuliko wote.

Neno langu ni moja, na mtalisikia kwa njia nyingi: mdomo hujifunza kusema kwa kusema na mtu anayengoja, na hujifunza kula kwa kulishwa vizuri. Wembe haumfundishi mtoto kusema, wala kofi halimfundishi, wala kukaa mkingoja miaka ipite.

Nianze na wembe, maana ndiko damu inakomwagika. Mtoto akikohoa sana, akitapika, akikonda, akikataa kula au akichelewa kusema, bado wapo wazee wenzangu wanaosema, "Huyo ana kimeo, mkamkate." Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Kila mtu anacho. Ni ncha ya kaakaa laini, na kaakaa hilo huinuka tunapomeza na tunaposema, likaziba njia ya pua ili uji usipande puani na sauti isitokee puani. Kukikata kimeo hakumpi mtoto hata neno moja. Kunaweza kumpa damu isiyokatika, usaha, pepopunda, na pale wembe mmoja unapopita kwenye koo za watoto wengi, hata virusi vya UKIMWI. Nimewapokea watoto walioletwa viganja vimekuwa vyeupe kwa kupoteza damu, na mama anasema kwa aibu kwamba alifuata alichoagizwa na wakwe. Aibu hiyo haikuwa yake peke yake.

Tena liko jambo ambalo wakata vimeo hawalijui. Kimeo kilichogawanyika ncha mbili kinaweza kuwa dalili ya kaakaa lililopasuka kwa ndani, chini ya ngozi, mpasuko ambao jicho la kawaida halioni. Daktari akikuta kimeo cha namna hiyo kwa mtoto anayesemea puani, anajua pa kutafuta. Mkishakikata mmefuta alama, na mtoto anabaki na tatizo lake lilelile pamoja na kidonda.

Kuna na ule uzi ulio chini ya ulimi. Mtoto mchanga ambaye uzi huo ni mfupi sana anaweza kushindwa kunyonya vizuri na kumuumiza mama chuchu, na daktari anaweza kuuachia kwa usalama. Hilo lipo. Lakini mtoto wa miaka miwili asiyesema kabisa, ni nadra uzi huo kuwa ndiyo sababu. Msimkubalie mtu yeyote wa mtaani aingize kiwembe chini ya ulimi wa mtoto wenu kwa ahadi kwamba kesho ataita "baba".

Basi sababu ni nini? Ni nyingi, na ndiyo maana mtoto anapaswa kutazamwa kabla hajatibiwa. Ya kwanza kuulizwa iwe masikio. Mtoto husema kile anachosikia, na mtoto asiyesikia vizuri anaweza kugeuka mlango ukigongwa kwa nguvu, nanyi mkasema anasikia, kumbe sauti nyembamba za s na f hazimfikii. Homa ya uti wa mgongo huharibu usikivu. Manjano makali ya siku za kwanza yanaweza kuuharibu pia. Usaha unaotoka masikioni mwezi hadi mwezi, ambao wengi wenu mnaupangusa kwa pamba na kuuzoea, huupunguza. Kwa hiyo kabla ya mazoezi, kabla ya dawa, kabla ya kisomo, apimwe masikio. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inapandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto wasiosikia kabisa, na vifaa hivyo huleta faida kubwa kwa mtoto aliyegunduliwa mapema, wakati ubongo wake ungali unajifunza sauti.

Masikio yakiwa mazima, tazameni mdomo wenyewe. Kusema ni kazi ya misuli mingi inayokwenda kwa pamoja: midomo, mashavu, taya, ulimi, kaakaa laini, koo, na kifua kinachotoa pumzi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa au aliyeugua sana utotoni, misuli hiyo inaweza kuwa imelegea au imekaza, na huwa inafuata mwili mzima: shingo haikai, mgongo unapinda, sauti inatoka ndogo au kwa kukatika, udenda unamwagika, chakula kinachukua saa nzima. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down misuli yake ya uso huwa laini na nafasi ya mdomo ni ndogo, ndiyo maana ulimi hutokeza nje. Na wengi wao wana shida ya usikivu juu ya hiyo, kwa hiyo turudi tena kwenye masikio.

Yuko mtoto mwingine anayewachanganya wengi. Huyu anakula vizuri, anatafuna, analamba midomo yake akiwa na asali, anaelewa kila mnachosema, ukimwambia alete kandambili za babu analeta. Lakini maneno yanamgomea. Leo anasema "kuku" sawasawa, kesho lilelile linatoka "tutu", keshokutwa "kaku". Unamwona anahangaisha midomo akitafuta mahali pa kuanzia. Hata irabu, a e i o u, ambazo watoto wa Kiswahili huzipata mapema, kwake zinapotea. Misuli yake haina udhaifu. Shida iko kwenye amri: ubongo unapata taabu kupanga mwendo wa ulimi na midomo kwa utaratibu na kwa wakati. Wataalamu huita hali hiyo apraksia. Mtoto huyu ndiye anayeambiwa mara nyingi kuliko wote kwamba ana kiburi, kwa sababu jana alilisema neno na leo "hataki". Anataka, wanangu. Anataka sana, na kila anapogombezwa anajifunza kwamba kunyamaza kuna usalama zaidi.

Na mwenye mdomo wazi au kaakaa lililopasuka, huyo habari yake ni njema kuliko mnavyodhani. Mdomo hushonwa kwa kawaida katika miezi ya mwanzo ya maisha, kaakaa hufuata akikaribia mwaka mmoja au kuuvuka kidogo, lengo likiwa lifungwe kabla hajaanza kusema kwa wingi. CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, imekuwa ikifanya upasuaji huo, na ziko hospitali nyingine zinazoufanya. Sijui neno la kumwambia mzazi anayemficha mtoto kama huyo ndani mpaka anafika darasa la kwanza, zaidi ya kumsihi amtoe.

Mtauliza, tutajuaje kwamba amechelewa na si mwendo wake tu? Mtoto anafaa kuwa anabwabwaja, "bababa, mamama", kabla ya kutimiza mwaka. Awe na neno au mawili yenye maana akiuvuka mwaka. Na akifika miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "maji tena". Akiwa na miaka miwili mgeni aelewe karibu nusu ya anachosema, akiwa na mitatu aelewe sehemu kubwa, akiwa na minne aelewe karibu yote. Mtaambiwa wavulana huchelewa. Ni kweli huchelewa kidogo, lakini si kwa mwaka mzima. Mtaambiwa na baba yake alichelewa mpaka miaka minne na leo ni mwalimu. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda mapema zaidi, kwa kuwa shida za usemi hutembea katika damu ya ukoo, na wale waliochelewa wasipone hawatajwi kwenye hadithi hizo.

Wala msiende mbio kwa kila kosa. Sauti za r, dh, th na gh hukomaa baadaye, na wako watu wazima wenye heshima zao wanaosema "zahabu" na "lafiki" mpaka wanazikwa. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "toto" badala ya "mtoto" hana ugonjwa. Ile m inayosimama peke yake mbele ya neno ni ngumu kwa mdomo mdogo. Anayepaswa kuwapa wasiwasi ni yule ambaye hata nyumbani hamumwelewi, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. Huyo wa pili msingoje hata wiki.

Sasa niwaambie juu ya kula, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa watoto wanapoteza maisha.

Mtoto ambaye mdomo wake haushiki chakula vizuri hupaliwa. Uji ukienda njia ya hewa unafika mapafuni, na kifua kinaanza. Mama anarudi kliniki mwezi huu nimonia, mwezi ujao nimonia, anapewa dawa, na hakuna aliyemuuliza: anakulaje? Tazameni dalili hizi wakati wa kumlisha: anakohoa au macho yanamlenga machozi, sauti inakuwa na majimaji baada ya kumeza, anabadilika rangi midomoni, kila mlo unapita nusu saa, uzito kwenye kadi umelala au unashuka. Moja tu kati ya hizo yatosha kuwapeleka kwa daktari.

Kwetu pwani nimeona mtoto akilazwa chali mapajani, pua ikabanwa, uji ukamiminwa kwa kiganja ili ameze apende asipende. Mnamlisha mapafu. Acheni kabisa, hata kama ndivyo mlivyolelewa ninyi na mkakua. Mtoto akae wima. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, miguu ikanyage kitu, kichwa kisilale nyuma, kidevu kiwe chini kidogo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuwatengenezea kiti cha kona, mgongo wa pembe, kwa mbao za kawaida, na meza ndogo ya mbele. Mpelekeeni mtoto apimwe kama fundi cherehani anavyopima nguo, kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikague. Mwili ukitulia, mdomo unapata nafasi ya kufanya kazi yake. Hata sauti huongezeka, maana kifua kilichopinda hakina pumzi ya kusemea.

Anayelisha akae mbele ya mtoto, uso kwa uso, si kusimama juu yake. Kijiko kiwe kidogo na kisicho na kina. Kiwekeni juu ya ulimi, mbonyeze kidogo, kisha mngoje midomo ijifunge yenyewe juu yake. Wengi wenu hukipandisha kijiko mkakwangua chakula kwenye meno ya juu. Hapo midomo haijifunzi kitu. Ameze kwanza, kinywa kiwe tupu, ndipo kije kijiko cha pili. Vinywaji vyepesi kama maji ya matunda hukimbia kuliko uji mzito kidogo, kwa hiyo watoto wengi hupaliwa na maji kabla ya kupaliwa na chakula. Uzito wa kinywaji unaomfaa mtoto wenu mtaujua kwa kushauriana na mtaalamu aliyemwona akimeza. Akimaliza akae wima nusu saa.

Na msimwache kwenye uji laini miaka nenda rudi kwa kuogopa. Akiwa anameza salama, mwongozeni hatua kwa hatua: ndizi mbivu iliyopondwa kwa uma, kiazi kitamu chenye vidonge vidogo, ubwabwa ulioiva sana, kisha kipande laini kiwekwe upande wa mdomo, penye magego, ili ulimi ulazimike kukifuata na taya lijue kutafuna. Karanga, vipande vigumu na pipi za kumung'unya zikae mbali naye.

Udenda usiwe sababu ya kumsimanga. Mtoto huyu hana mate mengi kuliko wengine. Hayamezi mara kwa mara kama wengine. Mpanguseni kwa kubonyeza kitambaa, si kusugua, maana kusugua kunachubua ngozi. Tazameni pia kama anakoroma usiku na mdomo uko wazi mchana kutwa: huenda ni nyama za pua, na mtoto asiyeweza kupumulia puani hawezi kufunga mdomo hata mkimkumbusha mara mia. Meno yaliyooza nayo huzidisha mate. Pigeni mswaki meno hayo, ingawa ni vita kila asubuhi.

Nije kwenye mazoezi, maana hapa vijana mnatapeliwa. Mtaonyeshwa kwenye simu mtoto anayepuliza mapovu, anayenyonya kwa mrija, anayenyoosha ulimi kugusa pua, anayesuguliwa mashavu kwa mswaki, na mtaambiwa hayo yanaimarisha misuli ya mdomo ili aseme. Msidhani ni udanganyifu wa huku kwetu tu. Mwaka 2008 Gregory Lof na Maggie Watson waliwauliza wataalamu wa matamshi kote Marekani, wakakuta asilimia 85 wanatumia mazoezi ya namna hiyo. Na ushahidi wa kutosha kwamba yanamletea mtoto usemi haujapatikana. Sababu yake inaeleweka. Kusema hakuhitaji nguvu nyingi za midomo. Kunahitaji wepesi, mpangilio na wakati. Mtu hajifunzi kusuka ukili kwa kukamua nazi, ingawa kazi zote mbili ni za mikono. Kupuliza mapovu ni mchezo mzuri, achezeni naye, mcheke naye. Lakini msilipe pesa ya shamba kwa ajili ya mapovu.

Kinachomfaa ni maneno, na Kiswahili kimewapa zawadi hapa. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na maneno ya kwanza ya nyumbani yanajirudia yenyewe: mama, baba, bibi, babu, dada, kaka. Anzeni na sauti ambazo mtoto anaziona zikitengenezwa, za midomo, m na b na p. Akipata "baba", geuzeni irabu ya mwisho awe na "babu". Kisha maneno yanayobadilisha mahali pa ulimi, kama "paka", "bata", "meza". Mengi ya haya ni mafupi, yana picha, na mengine yamo humo humo nyumbani.

Lakini chagueni maneno yanayomletea kitu. Neno "tena" lina nguvu kubwa kwa mtoto anayerushwa juu na baba yake. "Toka" linamfukuza kuku. "Maji" linaleta maji. Neno linaloleta matunda atalitafuta mwenyewe, na "sema pembetatu" hakumletei chochote. Chukueni maneno matano tu, mkae nayo wiki kadhaa.

Namna ya kumfundisha ni hii. Pigeni magoti muwe usawa wa macho yake. Shikeni kikombe karibu na midomo yenu ili akitazama kikombe atazame na mdomo. Semeni polepole, "maji", irabu ikivutwa. Kisha nyamazeni. Hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi. Ukimya huo ndio mgumu kwenu kuliko kwake, najua, lakini ndimo anamopanga neno lake. Akishindwa, semeni pamoja naye kwa wakati mmoja, midomo yenu ikienda na yake. Akianza kuweza, shusheni sauti yenu, mbakize midomo tu. Baadaye muondoe na midomo. Akitoa "ma" pekee, mpeni maji papo hapo mkisema, "Ndiyo, maji, maji haya." Msimwambie "sivyo". Msimnyime maji mpaka aseme sawa, hiyo ni adhabu. Dakika tano mara nne au tano kwa siku, akioga, akivishwa, akingoja chai, zinazaa kuliko saa nzima ya Jumamosi inayoishia kwa kilio. Kwa mtoto mwenye apraksia kurudia ndiko dawa: neno lilelile, mara nyingi, siku nyingi, mpaka mdomo ulijue bila kuamriwa.

Nyimbo zisaidie. Imbeni wimbo wa michezo anaoupenda, mpige makofi kwa kila silabi, kisha msimame kabla ya neno la mwisho mkimwangalia. Watoto wengi ambao mazungumzo yanawagomea hulikamilisha neno ndani ya wimbo.

Simu na runinga nizipitie haraka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Katuni haimngojei mtoto ajibu. Zimeni.

Kuhusu lugha, nawaomba msimnyang'anye mtoto lugha ya bibi yake. Nimesikia wazazi wakiagizwa waache Kisambaa, waache Kichaga, waache Kimakonde, eti lugha mbili zimemchanganya. Lugha mbili hazisababishi shida ya usemi. Semeni naye lugha mnayoipenda na mnayoijua vizuri, ile mnayobembelezea na kufokea.

Na ikiwa maneno yanachelewa sana, mpeni njia nyingine ya kusema wakati mkiendelea: ishara za mikono, picha za kikombe na choo na mpira zilizobandikwa ukutani au kufungwa kwenye kamba, kutikisa kichwa, kuelekeza macho. Mtasikia kwamba akizoea ishara atakuwa mvivu wa kusema. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2006 na Diane Millar na wenzake hazikuona hata mtoto mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa ajili hiyo, na wengi waliongeza. Mtoto anayeweza kusema "naumwa hapa" kwa kidole ameokolewa na mengi.

Waambieni na kaka zake na dada zake wasimsemee. Wanampenda, wanamjua, kabla hajafungua mdomo wao wameshaomba mkate kwa niaba yake. Mpangieni muda wake wa kuongea mezani, wote wakinyamaza. Na yeyote atakayemwita bubu, awe mtoto wa jirani au shemeji, akatazwe hapohapo, mtoto akisikia.

Sasa nasema na wanaume. Mwanangu, mtoto huyu ni wako. Nimewaona akina mama wakija peke yao na mtoto wa miaka mitano mgongoni, miguu ikiburuta, kwa sababu baba amesema kwao hakuna vilema, au mama mkwe amesema mwanamke ameleta mkosi. Mtindio wa ubongo hauletwi na ukoo wa mama, wala hauambukizi, wala si malipo ya dhambi. Mara nyingi ni hewa iliyokosekana dakika chache uzazini, au njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, au manjano yasiyotibiwa, au homa iliyopanda kichwani. Sauti ya baba ndiyo mtoto huyu anayoisikia mara chache kuliko zote na anayoifurahia kuliko zote. Dakika tano zako jioni, ukiwa umekaa chini kwenye mkeka, zina uzito ambao mama peke yake hawezi kuuleta. Na mama apumzike. Anayelisha mlo wa saa nzima mara nne kwa siku anahitaji mtu wa kumpokea kijiko.

Wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache sana kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, kule Uganda, kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008, na wamepatikana tangu hapo, lakini mikoa mingi bado haina hata mmoja. Nendeni hospitali za Muhimbili, CCBRT, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza mtakavyoelekezwa na hospitali ya wilaya yenu. Mahali ambapo hakuna mtaalamu wa matamshi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa mazoezi ya viungo anaweza kuwasaidia juu ya ukaaji na ulishaji. Na mkimpata mtaalamu, msikubali afanye kazi peke yake mlango umefungwa. Mwombeni awafundishe ninyi, awaone mkifanya mbele yake, awarekebishe mikono, maana yeye mtamwona mara moja kwa mwezi na mtoto mnaye kila siku. Chukueni video ya mtoto akila na akisema nyumbani, kwa simu hiyo hiyo niliyowaambia mzime. Hospitalini atanyamaza kwa woga na mtaalamu hataona kitu.

Umri wa shule ukifika, apelekwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama mtoto mwingine. Mwalimu mkuu akisita, mfuateni afisa elimu wa kata, na afisa ustawi wa jamii, mkiwa na barua ya hospitali mkononi. Mwelewesheni mwalimu kwamba mtoto anaelewa kuliko anavyosema, na kwamba akiulizwa swali apewe nafasi ya kujibu.

Siwaahidi kwamba kila mtoto atasema kama wenzake. Wako watakaosema vizuri kabisa, wako watakaosema kwa taabu na kueleweka na waliowazoea, na wako watakaoishi kwa picha na ishara. Wote hao wanaweza kushiba bila kupaliwa, kucheza, kusoma na kupendwa wakijua kwamba wanapendwa. Lakini mapema ni mapema. Kama mtoto wenu ametimiza miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, au anakohoa kila anapokula, au hageuki mkimwita jina kutoka nyuma, mpelekeni wiki hii, mama na baba pamoja, na kadi yake ya kliniki mkononi, mkaanze na kipimo cha masikio.